Maradhi Yasiyotetemeka: Mwanakiswahili na Dalili Zilizojificha za Parkinson

Mficha maradhi, walinena wahenga, kifo humuumbua. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na katika insha zetu tumeitumia daima kumlaumu mgonjwa: yeye ndiye aliyeficha, basi na aumbuke. Katika makala haya ningependa kuuliza swali ambalo methali yenyewe haiulizi. Je, itakuwaje iwapo mgonjwa hafichi lolote, ila maradhi yake hayana jina kinywani mwake? Na itakuwaje iwapo anayemhudumia anauliza swali lililofasiriwa papo kwa papo kutoka Kiingereza, naye mgonjwa akajibu swali jingine kabisa? Hapo hatuna mficha maradhi. Tuna maradhi yaliyofichwa na lugha. Na lugha, msomaji mpenzi, ndiyo kazi tuliyojitwika sisi tulio katika idara hizi za Kiswahili.

Maradhi ninayoyakusudia ni yale ya Parkinson. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 ulimwenguni walikuwa wakiishi nayo. Wengi wetu huyaita ugonjwa wa kutetemeka, na jina hilo limezoeleka masikioni kiasi kwamba hakuna anayelitilia shaka. Mimi nalitilia shaka.

Daktari James Parkinson wa London alipochapisha insha yake mwaka 1817, aliyapa maradhi hayo jina lililomaanisha kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za wagonjwa sita, baadhi yao akiwa amewaona njiani tu wakipita. Jicho lake lilikuwa kali. Aliuona mkono unaotetemeka ilhali umetulia, akauona mwendo wa kukimbilia mbele kama mtu anayesukumwa mgongoni, na hakukosa kutaja usingizi uliovurugika na choo kilichokuwa kigumu kutoka. Hata hivyo alishikilia kuwa hisi na akili za mgonjwa hubaki salama. Baadaye katika karne hiyo hiyo ya 19, Jean-Martin Charcot, tabibu wa Paris, alilikataa jina lile. Sababu zake, ukizitazama vyema, ni za kiisimu kama zilivyo za kitabibu: wagonjwa hawa hawajapooza kwa hakika, na tena si wote wanaotetemeka. Ndiye aliyependekeza maradhi yaitwe kwa jina la Parkinson. Kwa hivyo, tunaposema ugonjwa wa kutetemeka, tunalihuisha kwa Kiswahili jina ambalo lilishahukumiwa na kuachwa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Pengine mtu atasema: jina ni jina tu. La hasha. Jina ndilo linalomwambia mtu ajitazame wapi. Aliyeambiwa kuwa ugonjwa huu ni wa kutetemeka atausubiri kwenye vidole, ilhali umekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma.

Naomba nieleze kwa ufupi watafiti wamefika wapi, kwani hoja yangu yote inasimama hapo. Katika miaka ya 1950 na 1960, kazi za Arvid Carlsson kule Uswidi na Oleh Hornykiewicz kule Vienna zilibainisha kuwa ubongo wa mgonjwa hupungukiwa na kemikali iitwayo dopamini, na punde si punde ikapatikana dawa ya levodopa inayoirejesha. (Msomaji wa pwani atafurahi kusikia kuwa mbegu za upupu, huu huu upupu wetu wa kuwasha, zina levodopa kwa wingi, wanakemia wa India waliitenga humo mnamo mwaka 1937. Asiende mtu kuzitafuna, lakini.) Dawa hiyo iliwainua watu vitini wakatembea, na ushindi huo ukawafanya matabibu wayatazame maradhi kwa jicho la mwendo pekee: kutetemeka, kukakamaa, kwenda polepole. Mengine yote yakawa ni malalamiko ya uzee.

Mambo yalianza kubadilika kwa kishindo mwaka 2003, pale Heiko Braak, mwanaanatomia wa Ujerumani, na wenzake walipochora ramani ya jinsi uharibifu unavyosambaa ubongoni. Kwa mujibu wa ramani hiyo, maradhi hayaanzii mahali panapotawala mwendo. Huanzia chini, kwenye shina la ubongo, na pia mbele kwenye sehemu inayopokea harufu, kisha hupanda. Si wote wanaokubaliana nayo; wapo wanaosema kuwa kwa baadhi ya wagonjwa mambo huanzia tumboni na kwa wengine huanzia kichwani. Lakini kuhusu jambo moja hakuna ubishi mkubwa tena: mkono utakapotetemeka, maradhi yatakuwa yamemkalia mtu miaka mingi, na takriban nusu ya seli zinazotengeneza dopamini katika sehemu husika, au zaidi, zitakuwa zimekufa. Kabla ya hapo aliyekuwa akizungumza ni tumbo, pua, usingizi na moyo.

Ndipo mwaka 2006 kundi la kimataifa la watafiti lililoongozwa na K. Ray Chaudhuri wa London likatoa hojaji ya maswali 30 kuhusu dalili zisizo za mwendo pekee. Kipimo kingine kikuu cha maradhi haya, kilichofanyiwa marekebisho na kuchapishwa mwaka 2008, kina sehemu nne, na ya kwanza yote, yenye vipengele 13, inahusu dalili hizo hizo. Zingatia hapa, ewe mwanaisimu: tetemeko daktari hulipima kwa macho. Kukakamaa hukupima kwa kuushika mkono na kuukunja. Lakini harufu iliyopotea, ndoto, huzuni na choo kigumu havina wa kuvipima ila swali na jibu. Ala ya upimaji ni sentensi. Nayo sentensi ikiwa mbovu, kipimo ni kibovu, hata kama daktari ni bingwa.

Nianze na pua. Kiingereza kina kitenzi kimoja ambacho hubeba maana za kutoa harufu na kuipokea. Sisi tuna kunuka, kunukia na kunusa, na juu ya hivyo tuna tabia yetu ya kusikia harufu kwa kitenzi kile kile tunachotumia kwa sikio. Mfasiri mwenye haraka atamuuliza mzee, "Je, bado unasikia vizuri?" naye mzee atashika sikio lake na kusema anasikia barabara. Mwenye haraka zaidi atatumia kunuka, na huyo tumwombee asipigwe bakora. Hata kunusa peke yake hakutoshi, maana kunusa ni kitendo cha kukusudia, cha kuivuta hewa puani, na mgonjwa anaweza kunusa kutwa asipate kitu. Swali linalofaa ni refu na halina istilahi hata moja: je, chakula kinapoungua jikoni, wewe hujua kabla hujaambiwa?

Wala jambo la pua si dogo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha washiriki 1,123, ambao ulipima maji ya uti wa mgongo ili kuitafuta protini iitwayo alfa-sinukleini ikiwa imejikunja isivyo kawaida. Kipimo hicho kiliwabaini wagonjwa takriban asilimia 88. Na miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wamepoteza uwezo wa kupata harufu, kiwango hicho kilipanda zaidi. Ajabu ni kwamba maradhi yanayomwondolea mtu harufu humpa naye harufu yake. Muuguzi mstaafu wa Uskoti, Joy Milne, alihisi harufu mpya kwa mumewe zaidi ya miaka kumi kabla ya mumewe kutambuliwa kuwa mgonjwa. Wanasayansi wa Edinburgh walipompa fulana 12, sita za wagonjwa na sita za watu wasio wagonjwa, alikosea moja tu, akidai kuwa mmoja wa wasio wagonjwa naye anayo. Miezi michache baadaye mtu huyo aliambiwa na madaktari kuwa anayo kweli.

Turudi kwetu. Kipimo cha harufu kilichotia fora huko Marekani tangu miaka ya 1980 kina harufu 40 ambazo mtu huzikwaruza karatasini na kuchagua jibu. Humo mna piza, achari ya tango la kizungu, na kinywaji cha mizizi ambacho sijui mtu hata mmoja wa kwetu aliyewahi kukionja. Mkulima wa Tharaka akishindwa kuitambua piza, tutasema ubongo wake unaharibika? Harufu zina jiografia na zina fasihi yake. Mtu wa Lamu atakuambia asumini, udi na iliki akiwa amefumba macho. Wa Bomet ataijua harufu ya kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa kwa mkaa. Wa ziwani ataijua omena ianikwayo juani. Nani anazijua orodha hizi kuliko sisi tunaokusanya nyimbo za jando na za harusi, ambamo manukato yametajwa mstari baada ya mstari?

Sasa usingizi. Mwaka 1986 madaktari wa Minnesota, wakiwemo Carlos Schenck na Mark Mahowald, walieleza hali ambayo mtu huiigiza ndoto yake kwa mwili: hupiga ngumi, hupiga teke, huruka kitandani. Kwa kawaida, tunapoota, misuli yetu hulegea kabisa ili tusijidhuru. Kwa watu hawa kufuli hiyo imevunjika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watu 1,280 kutoka vituo 24 vya nchi mbalimbali, ulionyesha kuwa baada ya miaka 12 karibu robo tatu yao wangekuwa wamepata Parkinson au maradhi ya ukoo wake. Ni vigumu kuipata dalili nyingine ya mapema yenye uzito huo.

Kiswahili kinasemaje? Kina neno jinamizi na kina kitenzi kuweweseka, na tofauti yake ni ya kupendeza. Jinamizi humkalia mtu kifuani akazinduka asiweze hata kuinua kidole: kufuli iliyochelewa kufunguka. Kuweweseka ni kusema na kutapatapa usingizini: kufuli isiyofunga. Wazee wetu, bila maabara, walikwisha kuzitenga hali mbili ambazo sayansi nayo huzitenga. Lakini ni wangapi wanaotumia kitenzi hiki katika vyumba vya daktari?

Nilishuhudia thamani yake katika jamaa yangu mwenyewe. Mjomba wangu ni seremala. Kwa miaka mingi alikuwa akipaka vanishi katika karakana yake isiyo na madirisha ya kutosha, na vijana wake wakitoka nje kukohoa yeye huwacheka, kwani haimsumbui. Choo chake kilikuwa kigumu, akapewa dawa za kulainisha, akarudi, akapewa tena. Kisha akaanza kupoa. Ndivyo walivyosema jirani: mzee amepoa. Aliyekuwa akibishana kuhusu kila mechi sasa huitazama kimya. Wapo walioona ni uzee, wapo waliotaja shamba lenye kesi na kumnong'ona aliyeshindwa kesi hiyo. Mkono wake haukutetemeka, na hadi leo hautetemeki. Katika hospitali moja, daktari ambaye hakujua Kiswahili vizuri alitaka kujua kama mzee huigiza ndoto zake. Kijana aliyekuwa akifasiri akamuuliza, "Mzee, unaota ndoto mbaya?" Mjomba akasema la. Alisema kweli. Katika ndoto zake yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza wezi wa mbao, na kila mara aliwashinda. Ubaya uko wapi? Karatasini pakaandikwa kuwa dalili hiyo hana. Ilipita karibu miaka miwili, hadi muuguzi mmoja wa makamo, akiongea na mkazamjomba nje ya chumba, aliposema, "Na usiku, mama, baba huweweseka?"

"Kuweweseka tu, mwanangu? Huyu hupigana. Mimi nililihama godoro lile zamani."

Daktari aliitwa tena. Yaliyofuata ni vipimo, kisha levodopa, na mjomba amerudi kwenye randa yake, japo si kwa kasi ile ya zamani. Levodopa haikumrudishia harufu ya vanishi, na choo bado ni mtihani, kwa kuwa dalili hizi nyingi haziisikii dawa inayousikiza mwendo. Madirisha ya karakana tumeyapanua.

Nisingependa ionekane kuwa kamusi ina kila kitu na kilichobaki ni kuifungua. Tazama choo. Neno lenyewe ni la tasfida tangu hapo, na kwa sababu hiyo limebeba maana mbili, mahali na kitu. Hojaji ikimuuliza mzee wa kijijini, "Je, unakosa choo?" anaweza kukujibu kwa fahari kuwa anacho, tena alikichimba juzi. Kufunga choo kunaeleweka zaidi, ingawa kwa wengine ni kugeuza ufunguo mlangoni. Kuna tena suala la nani anauliza nani. Miongoni mwa maswali yale 30 kuna yanayohusu hamu ya tendo la ndoa. Msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye koti jeupe hawezi kumuuliza jambo hilo mzee wa rika la babake, na hata akiweza, hatajibiwa. Lakini utani wa babu na mjukuu umeruhusu maswali mazito kuliko hayo tangu jadi. Mtafiti aliyesoma ethnografia ya mawasiliano angejua kujitambulisha kama mjukuu kabla hajatoa karatasi.

Moyo ndio mgumu kuliko vyote. Wagonjwa wa Parkinson hupatwa na huzuni ya kitabibu ambayo wakati mwingine hutangulia tetemeko. Vilevile hupatwa na hali nyingine tofauti, ya kuishiwa na hamu bila huzuni yoyote. Tiba ya hii si lazima iwe tiba ya ile. Magazetini zote mbili hutupwa katika kapu moja liitwalo msongo wa mawazo, kapu ambalo pia limejaa karo, kodi ya nyumba na mtihani wa mwisho wa muhula. Watanzania wamejitahidi kwa sonona. Mimi nalipenda neno hilo kwa sababu ndani yake mna maumivu yanayochoma polepole. Lakini nimewauliza wanafunzi wenzangu kutoka kaunti mbalimbali, na wengi hawalijui. Kihoro ni cha msiba, cha aliyepotewa. Jitimai tunalikuta katika tungo. Na ile hali ya pili, ya mjomba kutazama mechi kimya, jirani ndio walioipatia neno: kupoa. Hakuna kamati iliyokaa. Je, kupoa kunaweza kuwa istilahi? Sioni kwa nini kusiwe, mradi tutaeleza kuwa hakumaanishi utulivu. Kwa upande mwingine, wale wagonjwa waonao vitoto vikicheza sebuleni magharibi, vitoto visivyokuwepo, wana neno lao safi katika kamusi, maruerue. Wangapi hospitalini wanalijua?

Hapa ndipo mhadhiri wangu mmoja, ambaye namheshimu mno, hunikatiza. Husema kwamba mwanafunzi wa fasihi hana kazi katika wodi, kwamba istilahi ni jukumu la mabaraza, na kwamba hao wagonjwa ninaowazungumzia husema Kikamba, Kigiriama au Dholuo nyumbani, si Kiswahili cha Shaaban Robert. Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, nami naikubali nusu yake. Ni kweli kuwa maruerue hayatamfaa mtu wa Kitui iwapo hajapata kuyasikia. Lakini hilo ni sababu ya kwenda kusikiliza, wala si sababu ya kukaa. Mafasiri ya hojaji za kitabibu yana utaratibu: swali hufasiriwa, hufasiriwa kinyume na mtu mwingine asiyeona asili yake, halafu husomewa wagonjwa wachache ili waeleze wamelielewa vipi, kisha ndipo hupelekwa nyanjani kwa wengi. Hatua ile ya tatu, ya kumketisha mtu na kumuuliza umeelewaje, ni uhakiki wa upokeaji mtupu. Tunaifanya katika tasnifu zetu kuhusu tamthilia.

Tena si ndoto ya mbali. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wahojaji walipita nyumba kwa nyumba katika idadi ya watu 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na yeyote. Wilayani humo humo kukatokea mwaka 2014 kipimo cha utambuzi kwa wazee ambao hawakusoma, ambacho kwa sehemu moja hutumia njiti za kiberiti badala ya kalamu na mchoro. Mwaka 2022 ulianzishwa mradi mkubwa wa utafiti wa Parkinson katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mwaka uliofuata ikatangazwa tofauti ya kijenetiki katika jeni ya GBA1, iliyogunduliwa kwa watu wa asili ya Kiafrika, wengi wao wa Nigeria, ambayo haikuwa imejulikana kutokana na tafiti za Wazungu. Watafiti wanakuja, na wanakuja na karatasi za maswali. Hakuna atakayetusubiri.

Na ukitaka mfano wa kosa ambalo mwanaisimu pekee ndiye angeliona mapema, chukua kipimo mashuhuri cha utambuzi kilichotungwa Montreal na kuchapishwa mwaka 2005, ambacho hutumiwa pia kwa wagonjwa wa Parkinson. Katika sehemu moja mtu hupewa dakika moja ataje maneno yaanzayo na herufi F, na akifikisha kumi na moja hupata alama. Hayaruhusiwi majina ya pekee, nambari, wala maneno ya shina moja yaliyobadilishwa mwisho. Kwa Kiingereza herufi ya kwanza ni mlango wa kuingilia neno. Kwa Kiswahili mara nyingi ni mlango wa ngeli. Ukimpa mtu K, atakwenda kula, kulala, kuoga, kiti, kikombe, kisu, na dakika haitamtosha. Hiyo si akili timamu, ni kiambishi. Ukimpa M, mtu, mti, mke, mkeka. Ukibakia na F, umemnyang'anya vitenzi vyote, maana kufanya na kufika vimejificha nyuma ya ku-, isipokuwa akuamrishe, "Fika! Fanya!" Halafu atakapoanza fanyia, fanyika, fanyiwa, fanyishana, utamkata alama kwa kutumia kanuni iliyotungwa kwa lugha isiyojua mnyambuliko wa namna hiyo. Sijui herufi ipi ifaayo. Nadhani huenda isiwepo, na jaribio la kutaja wanyama, ambalo nalo hutumika sana, litufae zaidi, ingawa hata hapo ki- ya kiboko, kifaru na kipepeo inanitia wasiwasi.

Kuna na kubwa kuliko hilo. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa wagonjwa wa Parkinson, dawa ikiwa imewaishia mwilini, huchakata vitenzi vya kutenda kwa taabu kuliko nomino za vitu vishikikavyo, na kwamba dawa ikirudi, tofauti hupungua. Yaani pale mwendo unapokwama, neno la mwendo nalo hukwama. Kifaransa ni lugha yenye vitenzi vyepesi. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati, yambwa, shina na minyambuliko katika pumzi moja. Anapoombwa mgonjwa wa Mombasa aseme wamemkimbilia, ni kipi kitakachokwama: shina la kukimbia, au msafara mzima ulioambatana nalo? Tasnifu ya uzamili iko hapo, imelala, na si yangu, maana mimi nimo katika riwaya.

Ninachoweza kuanza nacho ni kidogo. Nimechukua daftari na kuandika harufu ambazo mtu wa kwetu hawezi kuzikosa ila awe na hitilafu: mvua ya kwanza juu ya vumbi, mafuta taa, kitunguu kikikaangwa, sabuni ya mche, samli, moshi wa kuni mbichi. Zimefika 17. Wanaotoka pwani, ziwani na kaskazini, pamoja na wenzetu wa ng'ambo ya Namanga, waniletee zao katika mkutano ujao wa chama, kila moja ikiwa imeandikwa kwa neno ambalo bibi yako angelitumia.